Usiulize Wapi

Semboja, mtoto wa dada, umeshuka stendi ya Kange
na simu mkononi imejaa nyota,
nyota nne hapa, nyota tano pale,
bado hujavua viatu unaniuliza:
Mama mdogo, Tanga mtu anakula wapi?

Hapa haiulizwi wapi. Huulizwa saa ngapi.

Kumi na mbili alfajiri mji ni wa Hizza,
yeye na birika lake lenye makaa chini.
Vikombe anavigonganisha Barabara ya Nane nzima,
utajua amefika kabla hujafungua dirisha.
Kahawa chungu, kashata ya karanga, basi.
Usimwombe sukari. Siku moja nilimwona
akimtazama bwana mmoja wa kodi
mpaka yule bwana akainywa hivyo hivyo,
akaomba ya pili.

Saa nne, jua likishachoma, ni maziwa ya mgando,
glasi nzito, unakunywa umesimama,
na muuza machungwa wa Muheza pembeni
anamenya kwa mzunguko mmoja, ganda lisikatike,
likikatika anakuongeza chungwa.

Ndiyo, na huko kwenye nyota zako tutakwenda.
Mimi nimeshafika.
Ile ghorofa ya Mjerumani iliyopakwa chokaa juzi,
taa zimetundikwa kambani kama ng'onda,
kahawa inakuja na povu, juu ya povu jani,
kijana anaiweka mezani kama anamlaza mtoto.
Nilikaa nayo robo saa, naogopa kulivunja lile jani.
Sisemi vibaya. Viti vina mito, upepo ni wa bure,
na Zawena, binti wa fundi baiskeli,
amepata kazi pale bila kupanda basi la Dar.
Ila samaki wao waliniletea hana kichwa.
Nikauliza, kichwa kiko wapi? Wakacheka.
Mimi sikucheka.

Usiku, Mbaruku na mishkaki yake,
anapepea makaa kwa jalada la daftari la mwanawe,
cheche zinaruka na jedwali la kuzidisha.
Ukwaju wake una pilipili ya kukumbusha madeni.

Sasa nikwambie pa kweli, lakini sogea,
kuta za hapa nyembamba.

Mbaazi.

Mbaazi za nazi na mahamri, saa moja na nusu asubuhi,
Barabara ya Kumi na Tatu, mlango wa kijani,
kwa Mwantumu.
Tui zito analitia mwisho, moto umeshalala,
iliki anaitwanga mwenyewe, hamwachii mtu,
na hamri ukilipasua linashusha pumzi.

Mimi sijala pale, mwaka wa tatu huu.
Tulikosana. Kwa nini? Kwa sufuria.
Aliazima ile kubwa ya shughuli, ikarudi imebonyea,
nikasema neno, naye akasema lake,
maneno yakawa makubwa kuliko sufuria.
Tangu hapo nikienda soko la Mgandini
napitia Barabara ya Kumi na Nne, uso nimeugeuza,
na upepo, mnafiki yule,
unanifuata na iliki mpaka ndani ya mtandio.

Wanasema Tanga waja leo waondoka leo.
Wewe utalala. Kesho uamke mapema, uende.
Kula, ushibe, usinitaje,
usiseme wewe mtoto wa nani.
Ukimaliza, mwambie akutilie na za kubeba
kwenye bakuli hili la bluu, lenye pengo mdomoni.

Ni lake. Lilibaki kwangu siku ile ya ugomvi.
Atalijua.
Wewe tazama tu atakavyolijaza,
kama ni nusu au ni hadi penye pengo,
uje uniambie.